Shule Mbili, Mke Mmoja

Jumatatu, 16 Desemba 1957

Nimefaulu! Darasa la kumi nimelimaliza, la kumi na moja linaniita. Na si shule moja iliyonichukua — ni mbili! Masista wamenikubali, Serikali nayo imenikubali. Bwana Elimu alisema nichague mwenyewe, halafu akamgeukia Baba, kana kwamba mwenyewe ni Baba.

Baba kayasoma majina ya shule kwa sauti mbele ya duka ili wapita njia wasikie. Kajipaka yale mafuta ya nywele ya kopo, aliyoanza kuyapaka aliporudi kutoka mgodini Geita na mke wa pili, Justa. Yananuka ndizi iliyooza. Watu walikuwa wanampongeza huku wanarudi nyuma.

Mimi nataka kwa Masista. Wana maabara. Wanafundisha fizikia na kemia, na msichana akitoka pale anaweza kwenda Makerere kusomea udaktari. Shule ya Serikali si mbaya, lakini sayansi yake haifiki mbali, na wengi hutoka wakawa walimu. Sitaki ualimu! Tatizo ni moja: Serikali inalipa yote, hata waranti, hati ya kupanda treni bure. Kwa Masista analipa mzazi. Baba anao uwezo. Alikuwa nyapara mgodini miaka mingi, na pamba ya mwaka huu imekubali.

Mama kacheka mpaka akakaa chini. Kanipikia michembe ya viazi vitamu kwa karanga mchana kweupe, bila sikukuu yoyote. Nimekula mpaka nikavimbiwa.

Alhamisi, 19 Desemba

Kichefuchefu. Na si cha michembe.

Baba katuita wote uani. Mama kwenye kigoda. Justa kwenye kiti — kiti! Baba kakohoa. Kasema Masista hawapokei mtoto anayetoka katika nyumba ya wake wawili. Kwa hiyo ameamua kubatizwa, abaki na mke mmoja, na ndoa ifungwe kanisani kabla shule hazijafunguliwa. Mke gani? Justa, maana yeye amekwisha batizwa tangu utoto. Mama atarudi kwao, kwa Mjomba Ignas. Kwa heshima zote, kasema. Kwa heshima!

Kisha kaninyooshea kidole. "Nafanya kwa ajili yako, Limi."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Kweli. Baba hakusema toka. Kasema Limi asome.

Mama ndiye aliyelima shamba hili miaka yote Baba akiwa Geita. Ng'ombe wa nyumba hii wanaijua sauti yake. Aliinuka akaenda kugeuza mtama kwenye mkeka, ule ambao alikuwa ameshaugeuza. Justa akawa anatazama kucha zake.

Ijumaa, 20 Desemba

Wanakuja kunipongeza! Yaani wanakuja, wanakaa, wanakula.

Shangazi Sikujua, dada yake Baba, kafika wa kwanza. Nikapiga goti. Shikamoo shangazi. Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Halafu kaanza. Usilie, mama yako ameshakuwa mtu mzima, mume wa nini tena? Wewe ukiwa daktari utamlisha. Kayasema hayo huku anakula kuku. Kuku wa Mama! Kaunyonya mfupa mpaka ukalia. Nikatoka nje, nisije nikatapika miguuni pake.

Kisimani wanawake wamemwambia Mama ana bahati, mtoto wake amempeleka baba mtu kanisani. Sijui walikuwa wanamsifu au wanamcheka. Nadhani nao hawajui. Mama kajitwika debe lake, kawaambia wabeja, asanteni, kaondoka.

Justa kanipa sweta la manjano, kalifuma mwenyewe. Kwa Masista kuna baridi, kasema. Nimelivaa mbele yake, nimelivua nyuma ya nyumba. Linawasha. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Justa si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumua.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Baba kaketi benchi la wakatekumeni, wanaongoja ubatizo, shati jeupe, anaimba nyimbo asizozijua. Anafungua mdomo tu, kama samaki. Mama kabaki nyumbani.

Nimepokea Komunyo huku nina hasira ya kuvunja vyombo. Sijui kama inahesabiwa. Na wakati wa mahubiri — hili linanitia kinyaa kuliko mafuta ya nywele — nilijikuta nawaza maabara. Meza ndefu, chupa za kioo, mimi nimevaa koti jeupe. Mama anafungishwa virago, na binti yake anawaza chupa! Kweli mimi ni mtoto wa Baba, mtoto wa Jilala.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimekwenda kwa Padre. Kwa baiskeli ya Baba, bila ruhusa yake.

Nilimkuta anatengeneza pikipiki, mikono imejaa grisi. Ni Mzungu, lakini Kisukuma anakijua kuliko mimi. Nikamwuliza moja kwa moja: ni kweli Masista hawachukui mtoto wa nyumba ya wake wawili? Kashangaa. Nani kasema? Masista wanao hata watoto wa Kiislamu. Wanachotazama ni mtihani.

Halafu kafuta mikono. Kasema Baba alimwendea kuuliza habari za ubatizo na ndoa wakati wa mauzo ya pamba.

Mauzo ya pamba! Mimi hata mtihani nilikuwa sijaufanya! Nilikuwa bwenini nakariri mito ya Afrika, na huku Baba ameshapanga, ila kisingizio hajakipata. Nilipofaulu, akalichukua jina langu akajifunika nalo.

Si hilo tu. Padre kasema Kanisa lilitaka abaki na mke wa kwanza, kama mke huyo yuko tayari kubatizwa. Baba akamjibu kwamba Mama ameulizwa na amekataa kata kata.

Mama hajaulizwa, nikamwambia! Ni Mama aliyeniomba likizo iliyopita nimfundishe sala ya Baba Yetu. Anaisema akikamua maziwa, anakosea mahali pale pale kila siku.

Padre kawa mwekundu mpaka masikioni. Kasema mama yako aje aniambie kwa mdomo wake mwenyewe. Akija, ndoa hii haifungwi; asipokuja, neno la Baba linasimama.

Nimekanyaga baiskeli mpaka mnyororo umechomoka.

Jumamosi, 28 Desemba

Mama haendi!

Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia yote, maneno yanakanyagana. Hakushtuka. Kasema alijua tangu siku ile pale uani. Baba yako akitaka kusema uongo hukohoa kwanza, kasema. Hujapata kusikia?

Basi twende kwa Padre, nikasema, leo leo! Hapana. Kumbe kesho yake tu alimwita Mjomba Ignas, wakakaa na Baba mbele ya wazee wawili, wakapatana. Mama ataondoka bila makelele. Hatakwenda kwa Padre, wala hatakwenda kushtaki kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Na Baba atanilipia kwa Masista mpaka nimalize. Mama akifungua mdomo, mapatano yamekufa. Atabaki mke wa mtu asiyemtaka, Baba hatatoa hata senti, nami nitakwenda kuwa mwalimu.

"Mume nimeshakuwa naye," kasema. "Daktari sijawahi kuwa naye."

Nikalia, nikapiga teke ungo. Nikamwambia ameuza nyumba yake kwa ajili yangu na mimi sikumtuma. Kisha kasema niokote mtama wote nilioumwaga, kuku wasije wakala. Nimeokota punje moja moja, kamasi zinanitoka.

Wazee wawili walikaa wakasikiliza biashara hiyo, wakaona sawa. Walipewa na pombe. Ptuu!

Alhamisi, 2 Januari 1958

Nimeamua. Naenda shule ya Serikali.

Waranti ya treni nimekwisha ichukua bomani. Leo nikamwambia Baba wakati anakula: sitaki karo yako. Siendi kwa Masista. Kwa hiyo ndoa haina sababu tena, sivyo? Mama abaki kwake.

Kakohoa. Kasema ndoa ni jambo la roho.

Roho! Juzi lilikuwa jambo la shule. Leo limehamia rohoni. Kasema tena tangazo limeshasomwa kanisani, wageni wameshaalikwa mpaka Mwadui, mtu mzima harudi nyuma. Kisha kaomba mboga iongezwe. Na nani kaiongeza? Mama!

Halafu Mama kanivuta nyuma ya jiko. Kanikasirikia mimi, si Baba! Kasema nikienda shule ya Serikali yeye atakuwa ameondoka bure. Ndoa itafungwa tu, nyumba ataikosa tu, na daktari hatampata. Nina akili ya darasani, kasema, ya nyumbani sina.

Yawezekana. Lakini nikienda kwa Masista, uongo wa Baba unageuka kuwa kweli. Watu watasema si mnaona, alifanya kwa ajili ya mtoto. Nami nitakuwa ushahidi wake, nimevaa sare. Huku kunanuka, huko kunanuka.

Jumatatu, 6 Januari

Baba kabatizwa. Sasa ni Donatus. Ukimwita Jilala anajifanya hasikii. Akiitwa kula anasikia.

Ijumaa, 10 Januari

Wamechinja. Uani kote nzi, damu, samadi. Shangazi Sikujua anaonja supu tangu asubuhi na bado hajui kama chumvi imetosha. Nimepewa kazi ya kusafisha utumbo. Mimi! Harusi ya kumtoa Mama, na binti yake ndiye anasafisha utumbo wa ng'ombe wa harusi. Nimeusafisha vibaya kwa makusudi. Waule tu.

Mama anafunga mizigo yake polepole, hana haraka. Justa kaja kumwuliza ni ng'ombe gani hakubali kukamuliwa mpaka aimbiwe. Kamwuliza Mama! Na Mama kampeleka zizini, kamwonyesha, kamfundisha na wimbo wenyewe. Nimesonya mpaka mbwa kageuka kunitazama. Wakaimba wote wawili pale zizini, mwenye nyumba anayetoka na mwenye nyumba anayeingia. Yule ng'ombe mpumbavu akatoa maziwa.

Kesho naondoka. Mama kanisihi tena niende kwa Masista. Sikumjibu. Kajibu mwenyewe: utakwenda.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika juu ya lori. Penseli inachimba karatasi.

Ndoa imefungwa asubuhi. Lori hili lilileta wageni na sasa linarudi stesheni ya Isaka. Baba kaona mbali, ana akili sana: lori moja, safari moja. Limteremshe Mama njiani kwa Mjomba Ignas, halafu limfikishe Limi kwenye treni. Sanduku langu na kinu cha Mama vimefungwa kwa kamba moja. Mtu anamfukuza mke na kumsomesha mtoto kwa nauli moja! Wageni wanamsifu kwa mpango mzuri.

Mama kaketi kwenye gunia lake la mtama, shingo kainyoosha, kavaa khanga ya sikukuu. Anayepita asiyejua atadhani naye anakwenda harusini.

Nilikuwa nimekubali. Naiandika, maana sitamwambia mtu: leo asubuhi nilikuwa nimekubali. Kwa ajili ya Mama, nimeze, nichukue karo ya Baba, niende kwa Masista, nisome mpaka macho yatoke.

Sasa Baba kaja hapa chini, harusi nzima nyuma yake. Justa kavaa shela, anatoka jasho. Karo iko mfukoni mwa koti la Baba, kaugonga mfuko nione. Kasema kwa ile sauti yake ya mbele ya duka:

"Limi, shuka. Mpigie goti mama yako, umwamkie, umshukuru. Yeye ndiye aliyekufungulia shule. Kisha nikupe karo yako, uende na baraka."

Mama yako! Mkono kamnyooshea Justa. Na Mama yuko hapa, goti lake linagusa goti langu.

Hata Shangazi kaacha kutafuna.

Nikishuka nikapiga goti, karo ninayo, na Mama hakuondoka bure. Na kijiji kizima cha Nyahanga kitakuwa kimeniona kwa macho nikimwita Justa mama na kumshukuru kwa kumtoa Mama. Nikibaki hapa juu, waranti ya Serikali iko ndani ya soksi yangu. Treni ni hiyo hiyo, shule ndiyo nyingine. Na Mama amepoteza yote.

Nikatoa daftari hili. Baba anadhani naandika anwani ya Masista, anawaambia wageni wangoje, msomi anaandika. Wengine wamecheka. Nanuka utumbo bado, nimeoga mara ngapi sijui. Justa kaniinulia macho, katikisa kichwa kidogo sana, kama kusema usishuke. Sitaki huruma yake! Sitaki hata yeye anielewe.

Dereva kawasha injini. Baba kakohoa, kasema tena, haya mwanangu, watu wamesimama juani.

Mama ananong'ona bila kugeuza kichwa. Shuka, ng'wanone. Goti halitoki damu. Shuka, yaishe. Mara ya tatu sauti imekatika, na sauti ya Mama sijapata kuisikia ikikatika, hata siku ile ya uani.

Anasema shuka. Anasema shuka, na kashika gauni langu kwa nyuma, kalikunja ngumini, na haachii