Inshallah Niliyoisema Kanisani

Masaki, Jumapili jioni.

Mvua imekatika tangu alfajiri, na jua limewaka siku nzima kwa hasira ya kukaa ndani wiki mbili. Njia ya Kisarawe ilikuwa tope tupu wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi ilikuwa imeanza kukauka. Miguu inaniuma mpaka magotini na sijali hata kidogo.

Nimebatizwa.

Naandika tena ili nijisomee mwenyewe: nimebatizwa. Petro, mume wangu, amenikuta nimeinamia daftari hata gauni la kanisani sijalivua, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia najivuna. Akasema kujivuna ni dhambi. Nikamjibu kwamba hiyo nitaitubu kesho, leo nina kazi nayo. Amecheka akaenda zake kuwasha moto, jambo ambalo halifanyi kila siku, kwa hiyo na yeye leo ana lake moyoni.

Wewe daftari huyajui ya mwaka jana. Mwaka jana mkono wangu ulikuwa bado mzito kuandika, na ulipokuwa mwepesi sikutaka kuandika chochote. Leo nataka.

Mimi nimezaliwa upande wa Mlandizi, nyumba ya Waislamu, baba yangu Mwislamu na baba yake vilevile. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema kesho nitalima, kesho nitakwenda kuchota maji, akaishia hapo. Ilikuwa lazima aseme inshallah. Mtoto aliyeisahau alifinywa sikio, kwa sababu kesho ni ya Mungu, na kuitaja bila kumtaja mwenyewe ni utovu wa adabu. Mimi nilifinywa sana, kwa hiyo nililijua neno hilo kabla sijajua kufunga kanga.

Petro ni Mkristo toka kwa baba yake, aliyebatizwa enzi za Mjerumani. Watu husema nilifuata dini ya mume. Waongo. Niliishi naye miaka minne bila kukanyaga kanisani, na yeye hakunilazimisha. Nilikwenda darasa la ubatizo kwa miguu yangu, kwa sababu niliwasikia wakisali kwenye msiba wa jirani, nikataka kujua huyo wanayezungumza naye karibu hivyo ni nani.

Darasani tulikuwa wanawake sita na nilikuwa wa kwanza. Nasema kweli, waulizwe wenzangu. Amri zote nilizijua, sala niliisema bila kujikwaa, na kusoma nilijifunza humohumo. Mwalimu wetu ni Tomaso, mtu mrefu, mkavu, asiyejua kumsifu mtu. Hata yeye siku moja alisema, "Hawa, leo umejitahidi." Nikatembea na maneno hayo wiki nzima.

Siku ya mtihani mchungaji alituita mbele mmoja mmoja. Swali la mwisho lilikuwa hili: je, utadumu katika imani hii mpaka mwisho wa maisha yako? Jibu tulifundishwa: ndiyo, Mungu akinisaidia. Wenzangu walijibu hivyo. Ilipofika zamu yangu nikafungua kinywa na kujibu kwa sauti safi kabisa:

"Inshallah."

Kanisa zima lilicheka. Mzee mmoja alikohoa mpaka akatolewa nje. Mchungaji naye alitaka kucheka, nilimwona, lakini alimtazama Mwalimu Tomaso, na Mwalimu Tomaso hakucheka. Alichukua kitabu chake cha majina, na mbele ya jina langu akaandika neno moja. Nilikuwa najua kusoma, bahati mbaya. Aliandika "Bado".

Nilimfuata nje nikiwaka. Nikamwambia maneno hayo mawili ni mamoja, Mungu akinisaidia na Mungu akipenda, kuna tofauti gani? Akanijibu kwa upole ulioniudhi zaidi, "Neno halina kosa, Hawa. Lakini wewe ulivyolisema, ulikuwa unajiwekea pa kutokea."

Nilimchukia mwezi mzima. Nilimchukia kwa sababu alikuwa ameona. Ndani yangu nilikuwa nimejiambia kwamba mambo yakiharibika nitarudi kwetu Mlandizi, nitaomba radhi, maisha yataendelea. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Petro. Leo naiandika kwa mara ya kwanza.

Na mambo yakaharibika.

Wakati wa mtihani nilikuwa na mimba. Nikajifungua mtoto wa kike, tukamwita Lidia. Alikuwa na nywele nyingi na hasira zangu. Homa ilimshika jioni, asubuhi ya pili hatukuwa naye. Zilikuwa zimebaki siku sita nitoke arobaini.

Kaka yangu Shomari alipopata habari alipanda treni Ruvu, akashuka Pugu, akatembea mpaka hapa. Hakunihubiria, hakusema nilikuambia. Aliuliza jembe liko wapi. Mwalimu Tomaso naye alikuwa amefika na jembe lake. Nilikuwa nimekaa mkekani kwenye baraza, nikawaona kwa mbali wakipokezana, mwenye kofia anachimba na asiye na kofia anatoa udongo, kisha wanabadilishana. Tulipokwisha kumzika, Shomari aliniinamia akasema, "Mungu atakupa subira, mdogo wangu, inshallah." Na Mwalimu Tomaso, yuleyule, akaitikia, "Amina."

Hata katika kilio changu nililisikia neno lilelile lililoniponza. Na nilikasirika.

Shomari alikaa siku tatu. Kabla ya kuondoka aliniambia nikitaka kwenda naye nyumbani, niende, na hakuna atakayeniuliza neno. Mlango niliokuwa nimejiwekea ulikuwa huo hapo, wazi kabisa. Sijui kwa nini sikupita. Nilimwambia nimechoka kutembea, akaenda peke yake.

Darasani sikurudi. Kanisani sikurudi. Sala niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na haikuwa ya adabu. Maziwa yalikuwa yanajaa kifuani kana kwamba mtoto yupo, yanalowesha nguo, yanauma usiku na mchana. Nilijifunga kanga kwa nguvu na bado yalitoka. Nikawa nasema: haya ya nini? Umemchukua mwenyewe, haya umeniachia ya nini?

Siku ya nne ya sala hiyo, Mwajuma alikuja. Mwajuma ni jirani yetu, nyumba ya pili, Mwislamu mshika swala. Alikuwa amejifungua baada yangu kidogo, kisha homa ikamlaza hata maziwa yakakauka. Aliletwa ameshikwa mkono na mama yake, kachanga kake kamefungwa mgongoni kwa bibi, kanalia sauti ya paka. Alisimama mlangoni, hakujua aanze vipi. Akasema tu, "Shoga, naona haya kukuomba."

Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto.

Sitamwambia mtu kwamba Mungu alimchukua Lidia ili Zuhura, mtoto wa Mwajuma, apate kunyonya. Na atakayekuja kuniambia hivyo, hata awe mchungaji, nitamfukuza uani kwa ufagio. Nasema nililoliona. Nilikuwa nimeuliza swali kwa hasira, na nikajibiwa. Jibu halikumrudisha mtoto wangu. Lakini anayejibiwa hayuko peke yake, na kilichokuwa kinaniua ni kudhani kwamba niko peke yangu.

Nilimnyonyesha Zuhura mpaka mama yake alipopata nguvu, na baada ya hapo tukawa tunashirikiana. Asubuhi moja, mtoto yuko kifuani, nikajisikia naimba wimbo wa kanisani. Sikuwa nimepanga. Nilifika ubeti wa tatu ndipo nikashtuka, nikalia, nikaendelea kuimba huku nikilia. Siku hiyo nilijua sitakwenda popote. Sikujua kama nitapata mtoto mwingine, na mpaka leo sijui. Nilijua tu ni nani aliyenishika.

Mwajuma akaniambia kwa dini yao mtoto niliyemnyonyesha hivyo ni mwanangu kweli, haijalishi nasali wapi. Basi mimi nina mwana. Nikaenda nikamwambia Petro, akatoka nje akakaa huko muda mrefu, akarudi na macho mekundu akasema ni moshi.

Nikarudi darasani. Mwalimu Tomaso hakuuliza nilikuwa wapi. Alisogeza mkeka kidogo ili nipate nafasi, akaendelea kufundisha.

Sasa leo.

Tangu juzi sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwambia Petro kwamba nikifika pale mbele nikaona siwezi kusema kwa kweli, nitanyamaza, hata kama nitaandikiwa Bado mpaka nizeeke. Nilivaa gauni la kitambaa cha marekani nililolishona mwenyewe. Shomari alikuwa ameandikiwa barua na Petro, nikamkuta amesimama nje ya kanisa, kanzu imepigwa pasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema yeye ataketi hapahapa chini ya dirisha, kunasikika vizuri.

Mchungaji aliniuliza jina nitakalobatizwa. Wenzangu wamekuwa Marta na mengineyo kama hayo. Nikasema Hawa. Akasema naweza kuchagua jipya. Nikamwambia Hawa ni mama wa watu wote, wa msikitini na wa kanisani, na mimi nimeshalizoea. Akaliandika.

Kisha likaja swali. Safari hii aliliongeza, sijui nani alimwambia: je, utadumu katika imani hii, hata katika taabu, mpaka mwisho wa maisha yako?

Nilifungua kinywa nitoe jibu la darasani, likatoka langu.

"Nimeshadumu."

Hilo halimo katika maswali na majibu. Nikajikaza nikamalizia, "Na nitadumu, Mungu akinisaidia." Mchungaji alinitazama kidogo, kisha akachota maji. Yalikuwa ya baridi, yaliteremka mpaka mgongoni, na sikutaka yakauke.

Nje, Shomari alikuwa amesimama, kofia mkononi. Aliniambia sauti yangu imefika mpaka barabarani, na kwamba marehemu baba angeisikia angesema huyu kweli ni damu yangu, mkaidi. Mwajuma alikuwepo, na Zuhura, ambaye siku hizi anatembea. Aliponiona alinikimbilia na kuvuta gauni jipya kifuani mbele ya mchungaji bila aibu. Nikambeba. Ningembeba hata mbele ya Gavana.

Ndipo Mwalimu Tomaso akapita. Akasimama, akanitazama na yule mtoto, akasema, "Hawa, mwakani darasa la wanawake nitakuachia wewe. Utaliweza?"

Nikamjibu upesi, bila kufikiri, kama nilivyofundishwa kwetu:

"Inshallah, mwalimu."

Petro alifumba macho. Shomari akageukia ukuta, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mimi nikangoja lile Bado.

Mwalimu Tomaso akasema, "Amina." Kisha akacheka, na katika miaka yote sikuwa nimewahi kuyaona meno ya mtu yule.

Shomari sasa amejilaza barazani kwenye mkeka, anakoroma. Petro amechoma muhogo upande mmoja umeungua, nitaula na nitamsifu. Kesho asubuhi nitamsindikiza kaka kidogo, kisha nitapalilia ule muhogo ambao Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ameamuru kila nyumba ilime, kisha nitapita kwenye kaburi la Lidia nimwambie kwamba mama yake amebatizwa, na bado anaitwa Hawa. Inshallah. Atakayetaka kunirudisha darasani kwa neno hilo anajua ninapokaa, na aje na daftari lake, maana mwalimu nitakuwa mimi.