Pumzi ya Tembo wa Mpofi

Mpofi, siku ya tatu ya juma

Dada Victorine,

Maharagi yako ilifika muzuri. Nimefurahi kusikia ngombe ya Papa imezaa huko Karuba. Huku mvua inanyesha kila siku.

Jana tulienda kazini na Henri, docteur wa wanyama, kutoa kamba ya chuma yenye ilikuwa inakata mguu wa tembo. Docteur alimupiga sindano ya kumulalisha. Ile dawa inapunguza sana pumzi, njo maana tembo anapaswa kulala kwa ubavu. Lakini huyu alianguka kifua chini, na uzito wake ukafinya mapafu.

Tulikuwa watu saba. Tulimuvuta na kamba ili alale ubavu, hakusogea. Nilishika mukonga wake ili hewa ipite, nikahesabu pumzi: ine kwa dakika, kisha mbili.

Nikasema, "Docteur, umupe dawa ya kumuamusha."

"Akiamuka na hii chuma, atatuua."

Akakata chuma mbio, kisha akaweka ile dawa ya kumuamusha kwa mushipa wa sikio. Damu ilikuwa nyeusi. Nilingojea pumzi ingine kwenye mukono wangu. Haikukuya.

Leo watu wamekuja na mapanga kukata nyama yake. Tumewaambia ile nyama iko na dawa, inaweza kuua muntu. Mama mumoja akaniuliza kwa upole, "Kama ni dawa, mbona inaua?"

Wanakata sasa, mimi nimekaa tu nakuandikia.

Papa usimuambie, atahangaika.

Mudogo wako,
Gentille