Dole Gumba la Kunthea

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la wengi ni kudhani ukificha jina la mtu umemficha mtu mwenyewe. Nimemweleza hivyo Bi Marit, mkaguzi wa mradi wa kimataifa wa viwango vya kazi. Mimi ni mkalimani wake. Akatabasamu. "Mwalimu, ripoti zetu hazitaji majina."

Kwenye kiwanda cha nguo tumewahoji wanawake sita. Watano: kila kitu kizuri. Wa sita, Kunthea wa chumba cha pasi, mimba ya miezi mitano, akaniinamia. "Babu, mvuke unatuangusha. Juzi wameanguka wanne. Wakubwa wakasema mzimu wa kiwanja umekasirika, wakauchinjia kuku. Feni hawakuleta." Nikamtafsiria ahadi ya Bi Marit: jina lake halitaandikwa.

Jumatano, 5 Juni

Joto. Bi Marit ametaka maelezo zaidi ya yule wa sita. Nami, niliyefundisha shule miaka thelathini, nisipoeleza naumwa. Nikaeleza vizuri. Pasi. Mimba. Miezi mitano. Rasimu ya ripoti imekwenda kwa mwenye kiwanda ili ajibu — ndio utaratibu.

Chumba cha pasi kina mjamzito mmoja tu. Nimelikumbuka hilo nikiwa naoga.

Ijumaa, 7 Juni

Kunthea kanikuta sokoni, kwenye uji wa mchele. Msimamizi Rithy alimwita ofisini, kamwekea barua ya kuacha kazi kwa hiari na wino mwekundu. "Weka dole gumba, mama kijacho. Au unangoja wageni wako waje wakupigie pasi?" Kampa hadi kesho. Akiliweka, likizo ya uzazi hana, na kiwanda kingine hakimchukui na tumbo lile.

"Babu, ulisema hawataandika jina."

"Hawakuliandika."

"Sasa wamenijuaje?"

Nikakoroga uji. Wake hakuumaliza.

Nimempigia Bi Marit. Yuko uwanja wa ndege. Amesikitika, kwa kweli amesikitika. Ripoti kamili itatoka Septemba.

Jumamosi, 8 Juni, alfajiri

Mkalimani haruhusiwi kumfuata mfanyakazi nje ya mahojiano. Miaka tisa nimelishika sharti hilo. Miaka tisa, wakaguzi kumi na mmoja, na chumba cha pasi hakina feni. Akikataa, labda watabuni barua nyingine. Labda nitafukuzwa mimi, na yeye vilevile. Ama aweke dole, ama akatae; sioni njia ya tatu.

Lori la wafanyakazi husimama mbele ya hekalu la pagoda saa kumi na mbili na nusu.

Leo: nenda pale, umwambie Kunthea asiweke dole gumba.