Chai ya Milango Minane

Jumapili, 13 Septemba 1987

Leo nimevunja benchi ya kanisa.

Si mimi. Benchi ilikuwa imezeeka. Lakini watu wote waliona. Ilikuwa mnada wa mavuno, nikapandisha bei ya mkungu wa ndizi mpaka Kihara ndugu yangu akanyamaza — mimi Gerishon Nderitu sishindwi na mtu! — nikaenda mbele kuuchukua mwenyewe. Kurudi, pumzi ikaisha. Nikakaa kwa benchi ya watoto. Pwaa! Mimi chini, ndizi juu yangu. Wanaume wanne ndio waliniinua. Wanne. Mmoja alicheka akajifanya anakohoa.

Nje Kihara ananivuta kando. Ati siku ya arusi ya Muthoni yeye ndiye atamshika mkono kutoka geti mpaka mbele kwa pasta. Mimi niwe nimekaa tu ndani, nangoja. "Si unaona vile umekuwa, mkubwa wangu."

Muthoni ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake alishatuacha. Nani atamtembeza kama si mimi? Arusi ni tarehe tano Desemba. Nimesema nitatembea.

Jumatatu, 14 Septemba

Kliniki. Sista ni msichana mdogo lakini ana mdomo. Presha iko juu. Akauliza nakunywa chai mara ngapi kwa siku. Nikasema mbili. Akaniangalia tu. Amesema niandike kila kitu nakula, kwa daftari, nitembee nayo kwa koti, na nisijidanganye. Kuandika nilijifunza kwa gumbaru nikiwa na miaka hamsini, na nilikuwa namba moja kwa hiyo darasa ya wazee! Basi naandika humu humu, kwa hii daftari yangu ya kila siku. Lakini yeye hatasoma.

Ukweli: chai tisa. Moja kwangu, nane kwa ploti. Kila asubuhi nazunguka kuangalia nyumba zangu, na kila mlango wananiwekea kikombe. Maziwa mengi, sukari vijiko vinne, mandazi mbili. Hakuna landlodi mwingine Kawangware anapendwa hivi.

Dawa yake ni ndogo mpaka nilitaka kucheka. Sukari kijiko kimoja. Chapati moja, si tatu. Nisile ovyo kabla ya saa ya chakula. Nitembee kila siku, kidogo kidogo. Basi! Hata mtoto anaweza.

Ijumaa, 18 Septemba

Mtoto hawezi. Kichwa inaniuma.

Nimekataa chai milango yote nane. Mlango wa tatu ni wa Jeconia na bibi yake Caren. Caren alikuwa ameshamimina. Nikasema, leo sitaki. Sikueleza. Mwenye ploti ataambia wapangaji ati tumbo imemshinda? Caren akabaki na kikombe mkononi, inamwagika. Nikafikiri, maskini, ananihurumia.

Usiku chapati mbili. Ya pili ilikuwa ndogo.

Hapana. Haikuwa ndogo.

Jumanne, 22 Septemba

Nimetembea mpaka soko la Toi! Nimepumzika mara sita. Hata mama wa kuuza mboga amenipita na gunia mgongoni, akaniambia pole baba.

Kliniki mizani yao ilikuwa imeharibika, kwa hivyo nimepimwa na Ouma, yule wa viazi. Ana mizani ya magunia. Nikapanda pale katikati ya viazi, watu wakakusanyika. Kilo mia moja na kumi na nane. Ouma akapiga kelele, "Nani anataka hii? Ni moja tu imebaki!" Toi yote ikacheka.

Nilicheka pia. Kwa njia ya kurudi sikucheka.

Jumamosi, 10 Oktoba

Kilo mia moja na kumi na tano. Mshipi umerudi tundu moja. Sukari kijiko kimoja sasa naizoea. Napumzika mara tatu tu mpaka Toi. Nilikuwa nije hapa nijisifu kurasa mbili.

Lakini asubuhi nimekuta kitanda ya Jeconia imefungwa kamba. Vyombo kwa karai. Na wapangaji wote wamesimama nje kama wako matanga.

Jeconia akavua kofia. "Mzee, tumekosa wapi?"

Nikauliza, kukosa nini?

"Wiki tatu sasa hunywi chai yetu. Wesonga, yule mpangaji wa zamani, ulikataa chai yake wiki moja tu. Wiki ya pili kitanda yake ikakuwa nje. Sasa tukasema afadhali tutoke wenyewe, watoto wasinyeshewe."

Nikawaambia. Ilibidi. Benchi, presha, kilo, yote. Halafu Caren akashika mdomo, akacheka mpaka akakaa chini. "Wuololo! Kumbe ni tumbo! Na sisi hatulali!" Wote wakacheka. Jeconia akaanza kufungua kamba. Caren, kwa ile furaha, akasema, "Basi Apiyo wangu ataendelea na maziwa ya mzee. Ona vile amenona!"

Jeconia akamwangalia. Caren akashika mdomo tena.

Apiyo ana miaka mitatu. Ni kweli, amenona mashavu.

Hiyo maziwa ilikuwa yake. Na milango ile mingine ina watoto pia. Miaka kumi na mbili nimekunywa hiyo maziwa nikisema napendwa.

Leo sijatembea. Sijala pia. Sista hakusema nifanye hivyo.

Jumanne, 27 Oktoba

Mia moja na kumi na mbili. Ploti siingii asubuhi siku hizi. Napita barabarani haraka, kama mtu ametoroka.

Jumapili, 29 Novemba

Mia moja na tisa. Toi bila kupumzika. Nimemwambia Muthoni baada ya kanisa: Kihara akae, baba yako atakutembeza. Hata nikamwonyesha, nikatembea kutoka jikoni mpaka geti na kurudi, kifua mbele, mkono hivi.

Hakucheka. Akanikalisha.

"Baba, si Uncle aliamua. Mimi ndiye nilimwomba. Hata kabla ya benchi."

Nikasema, lakini sasa nimepungua!

"Si kilo, Baba. Nafuna wa Wesonga tulikuwa tunakaa dawati moja. Ile wiki uliwafukuza ndiyo aliacha shule. Kila nikikuona ukitembea naona ile kitanda kwa mvua."

Halafu akaenda kuosha vyombo.

Ngoja niandike vile ilikuwa, kwa sababu hata Kihara sijawahi kumwambia. Ilikuwa Aprili ya themanini na mbili. Wesonga hakuwa amenikosea kitu. Asubuhi moja nilikuja kwake, akaniambia, "Mzee, leo hakuna chai, maziwa ni kidogo na mtoto ni mgonjwa." Aliniambia mbele ya watu. Hiyo tu. Siku zilizofuata alinipa, nikakataa. Halafu nikatoa kitanda.

Kwa chai.

Ijumaa, 4 Desemba

Arusi ni kesho.

Ouma anajua mahali Wesonga anakaa, Kibera, nyuma ya Toi. Nimekuja kwa miguu. Sijachoka hata. Miguu sasa ni mizuri, na hiyo ndiyo inanitia aibu zaidi, kwamba ningeweza kufika hapa zamani.

Mama Nafuna alinijua mara moja. Hakunisalimia. Akasema, "Hajatoka kazini," akaniwekea kibao kidogo hapo nje ya mlango. Nilikaa polepole. Haikuvunjika.

Nilikuja saa nane. Sasa inakaribia kumi na mbili. Naandika kwa goti.

Saa kumi alipika chai. Niliisikia ikichemka, nikasikia harufu ya majani na maziwa. Akampa jirani. Akampa fundi anayeshona hapo karibu. Nafuna mwenyewe akatoka ndani, mwanamke mkubwa sasa, ana mtoto mgongoni, akapewa yake. Sufuria ikapita mbele ya magoti yangu ikarudi ndani.

Kama ningepewa ningekunywa. Hata na vijiko vinne. Sista angenisamehe.

Nafuna aliniuliza kitu kimoja tu. "Muthoni anajua umekuja?" Nikasema hajui. Akaniangalia sana. Akaingia ndani.

Maneno niliyopanga njiani yote yamepotea. Nilikuwa nianze na mimi Gerishon Nderitu. Hiyo nimefuta.

Kuna mtu anakuja pale kwa kona, ana kofia ya kazi. Anatembea polepole. Amesimama. Ameniona.

Nasimama