Hakukuwa na Upepo Siku Ile

Kitwe, Zambia

Mdogo wangu Atupele,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana najua barua zangu huwa unazisoma umesimama jikoni na mwiko mkononi. Bega lako lililokusumbua wakati wa kupalilia limekubali kuinuka? Na shemeji, ameacha kunywa chai yenye sukari kama daktari alivyomwagiza, au bado anakungoja utoke kwenda shule ndipo anywe?

Sisi huku tuzima. Goti langu la kushoto peke yake ndilo halijakubali kwamba tumestaafu, linauma kama vile bado napanda ngazi za karakana. Maji ya mabwawa yamepungua, kwa hiyo umeme tunapewa kwa zamu, na zamu yetu hupenda kuja watu wakiwa wamelala. Unga umepanda. Wifi yako amerudia kuuza mboga za majani pale nje. Nilipomwambia apumzike alinijibu kwa Kibemba maneno ambayo siwezi kumwandikia mwalimu wa shule.

Ile flashi uliyompa dereva wa lori pale Tunduma ilifika salama, imefungwa kwenye soksi ndani ya mfuko wa maharage. Maharage tumeyala, nayo yamesifiwa mtaa mzima. Filamu nayo nimeitazama. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia, Atu, na nakuomba univumilie hadi mwisho wa barua.

Niliitazama dukani kwa Mzee Shabani. Nimewahi kukuandikia habari zake: Mrangi wa Kondoa, aliendesha malori kupitia Tunduma miaka mingi, sasa anauza vipuri hapa na ana jenereta. Hiyo Filamu ya Njaa anaijua toka zamani, aliwahi kuonyeshwa mjini Dar es Salaam na akalia. Nilipomwambia kwamba yule kijana aliyekufa kwa njaa, aliyefungwa kwenye mkeka, ni mimi, aliondoa miwani akanitazama.

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi wote waliocheza pale wamekufa, isipokuwa maiti!"

Tangu siku hiyo sina jina jingine dukani kwake. Naitwa Marehemu. "Marehemu, chai yako inapoa." "Mpisheni Marehemu kiti." Wateja wapya wanashtuka, nami nimezoea.

Tuliitazama yote, tangu mwanzo. Ilipofika ile sehemu ya maziko, mama amesimama kando ya mkeka, mdomo umefungwa, jicho kavu, Mzee Shabani alinong'ona, "Angalia. Hiyo ndiyo kweli. Mwanamke amenyang'anywa hata machozi."

Nikamwambia, "Ni uongo."

"Uongo vipi? Ulikuwepo?"

"Shabani, nilikuwa ndani ya mkeka."

Akacheka hadi akakohoa, lakini hakukubali. Alisema mtu aliyelala ndani ya mkeka ndiye shahidi mbaya kuliko wote, kwa sababu hakuona kitu. Tukabishana mpaka jenereta likaishiwa mafuta.

Sasa nije kwako. Unasema filamu imesafishwa, imerudishwa nchini, na itaonyeshwa ukumbini Vwawa mbele ya wageni wa kutoka mbali. Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuitambulisha. Unataka niandike maneno machache ya kusomwa kabla taa hazijazimwa, na ili nisihangaike ukaniandikia wewe mwenyewe: "Mama yetu alinyamaza kwa sababu mwanamke wa kijijini hakuwa na sauti. Filamu hii ilimpa sauti kwa ukimya wake." Ukaniomba niweke sahihi tu.

Siweki sahihi, Atupele. Maneno ni mazuri, umeyaandika kama mtu aliyesoma. Lakini yanamhusu mama wa watu wengine.

Ngoja nikwambie jinsi Bwana Picha alivyofanya kazi yake. Ndivyo tulivyomwita, jina lake halisi lilitushinda. Alikuja kijijini kwetu Isongole na Land Rover, jenereta na masanduku, akatuambia hataki waigizaji. Alitaka watu wenyewe, maisha yenyewe. "Fanyeni kama kila siku," alisema. Tukafurahi. Kisha akamwambia baba avue viatu, kwa sababu mkulima mwenye viatu hatoshi kuhurumiwa. Akamwambia bibi avue kitambaa kizuri, avae kile cha jikoni.

Na njaa yenyewe? Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha vizuri kuliko miaka mingi. Mahindi yalisimama nyuma ya nyumba yetu, marefu kumpita baba, yamebeba mawili mawili. Bwana Picha aliyaona, akakuna kichwa, akageuza mashine yake ielekee kule kwenye mteremko wa mawe ambako hata mbuzi hawaendi. Ndiyo maana katika filamu nzima hulioni shamba letu. Kamera ililipa shamba kisogo. Wageni wako watakapoketi Vwawa kusifu jinsi njaa ilivyoonyeshwa bila kuongezwa chumvi, ujue kwamba hatua chache nyuma ya kamera mahindi yalikuwa yanakomaa.

Sisemi kwamba hatukuwahi kuona njaa. Tuliiona miaka mingine, na mwaka wa njaa hakuna aliyekuja na Land Rover.

Halafu maziko. Bwana Picha alitaka mama alie. Wewe hujui, lakini mama ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wanawake wote wa kanisa letu. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyeanzisha, wengine wakafuata, na watu wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, walijua kwamba Isongole kuna jambo. Mwanamke asiye na sauti! Ungewaambia hayo majirani zake wangeanguka kwa kucheka.

Akaambiwa, "Lia, mama." Akasema hapana. Mwenyekiti wa kijiji akambembeleza, akamwambia ni mchezo tu, serikali imeruhusu. Mama akamjibu mbele ya watu wote, nami nikamsikia vizuri kutoka ndani ya mkeka:

"Mwenyekiti, wewe una watoto wangapi? Chagua mmoja umlilie, nikuone."

Mwenyekiti akarudi nyuma.

Unajua tulivyolelewa. Mtu aliye hai haliliwi msiba, maana kilio kama hicho ni njia, na ukishaifungua huchagui nani apite. Bwana Picha alifoka, akatupa kofia chini, akamwahidi sabuni na khanga. Mama alisimama pale pale, wewe ukiwa mgongoni mwake, akasema, "Mwanangu yu hai. Simlilii." Jua lilikuwa linashuka. Mwishowe yule bwana akapiga picha hivyo hivyo kwa hasira, na baadaye huko duniani akasema yeye ndiye aliyemwelekeza mama anyamaze. Wasomi wakaandika juu ya ukimya ule. Wakasema ni unyonge wa mwanamke maskini. Wakasema ni kukata tamaa.

Kumbe ni kukataa.

Hili ndilo ninaloligombea, na sitaliacha hata kama nitabaki peke yangu nikiligombea. Mama alimshinda mtu mwenye mashine, mwenye gari na mwenye kibali cha serikali, kwa kufunga mdomo wake tu. Nawe unataka nisimame Vwawa kwa sahihi yangu, niseme kwamba alikuwa hana sauti?

Filamu hiyo haistahili sifa yake. Ndiyo, kuna mahali haina kosa. Wanawake wanapopanda kutoka mtoni na ndoo, ukungu ukiwa bado umeshikilia kilima, na Bwana Picha akawaacha wapande hadi mwisho bila kuwakatiza, pale sina ugomvi naye. Pale alitazama. Kwingine alikuja akiwa ameshajua atakachokiona.

Najua utakachonijibu, kwa sababu ulishaniandikia, na sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko zote: "Kaka, wewe una mama wa kukumbuka. Mimi nina hiyo filamu tu." Ulikuwa hujajua kutembea vizuri mama alipotutoka. Hukubaki na picha yake nyingine, wala kaseti, wala mtu wa kukuigia anavyocheka. Umemtazama mwanamke yule aliyenyamaza mpaka ukamfanya mama, na sasa kaka yako wa mbali anakuja kukwambia si yeye. Ukasema ninakunyang'anya.

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Wifi yako aliniona nimekodolea macho sahani ya nshima, akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana, ni habari ya mtu aliye hai.

Sikunyang'anyi, Atu. Nataka kukuongezea. Kwa hiyo fanya hivi. Kaa peke yako, weka ile nakala uliyobaki nayo, nenda kwenye maziko. Muziki wa filimbi ukianza, mama anainama juu ya mkeka, mdomo wake unacheza kidogo, kisha anasimama wima. Kwenye ile karatasi ya maelezo uliyonitumia wameandika kwamba hapo anamuaga mwanawe, na kwamba maneno yake hayatajulikana kamwe.

Yanajulikana. Yalisemwa sikioni mwangu.

Siku ile mama alikuwa amechemsha mahindi mabichi ya shamba lile lile lililofichwa. Bwana Picha alipokwenda kufokea jenereta lake, mama alipenyeza hindi moja ndani ya mkeka, la moto, akaniwekea mkononi. Alisema maiti halisi haishiki hindi, kwa hiyo kifo kikipita kutazama kitajua hapa hakuna chake. Halafu kamera ikaanza, akainama, wewe ukamshika sikio kutoka mgongoni, naye akaninong'oneza:

"Usitafune mpaka wamalize. Mkeka utatikisika."

Hayo ndiyo maneno yake. Hiyo ndiyo sauti yake, Atupele, nayo ilikuwa inazuia kicheko. Nilimsikia akipumua kwa pua kama alivyofanya kanisani mchungaji alipokosea hesabu ya sadaka. Ukimtazama sasa utaona kwamba midomo aliyoibana ni ya mtu anayejizuia asicheke mbele ya wakubwa. Umemwona maisha yako yote, ila hukuambiwa alikuwa anafanya nini.

Siku alipofariki yeye, Isongole ililia kwa namna ambayo hakuna mashine ingeweza kuibeba. Wanawake walishikana viuno, wimbo ukaenda hadi mtoni ukarudi. Wewe ulibebwa na shangazi ukawa unapiga makofi, ukidhani ni sherehe. Hayo nayo ni kweli, na hayamo kwenye filamu yoyote.

Basi huu ndio uamuzi wangu. Onyesheni filamu, siizuii. Lakini kabla taa hazijazimwa soma barua hii, kuanzia pale Bwana Picha anapoingia na Land Rover yake hadi pale mahindi yanapochemshwa. Usilainishe kitu. Kama wageni watanuna, wanune, nauli yao haiwapi haki ya kumfanya mama yetu mnyonge. Wakikwambia unawaharibia kazi kubwa ya sanaa, waambie kwamba kazi kubwa haiogopi shahidi. Na kama kamati itakukataza kuisoma, nifutie jina langu kwenye ratiba, na wewe uchague mwenyewe utasema nini ukiwa umesimama pale mbele. Sitakulazimisha. Mama hakumlazimisha mtu, alikataa tu yeye kulazimishwa.

Jana nilimsomea Mzee Shabani barua hii. Aliwasha jenereta, akarudisha ile sehemu, akasogeza uso karibu na kioo mpaka pua ikagusa.

"Marehemu," akasema, "huu mkeka unatikisika."

"Kwenye karatasi ya maelezo wameandika ni upepo."

"Ni upepo?"

"Tazama moshi ule wa jikoni nyuma ya bibi. Umepanda wima. Hakukuwa na upepo siku ile."

Akazima, akasema, "Hukumsikiliza mama yako." Nikamwambia hindi lilikuwa tamu.

Mfikishie salamu shemeji, na ile chai aiache. Msalimie shangazi aliyekubeba siku ile, mwambie bado nakumbuka mgongo wake, na amuulize mchungaji wa sasa kama hesabu zake ziko sawa. Mwalimu mkuu wako mpe heshima zangu. Jirani anayelima shamba letu la nyuma ya nyumba, mwombe akuwekee mahindi machache mabichi wakati ukifika, uyachemshe, ule moja ukiitazama filamu. Tafuna bila wasiwasi.

Nakuombea ushupavu, mdogo wangu. Umeurithi, hata kama hukuambiwa ulitoka kwa nani.

Ni mimi kaka yako, maiti aliyeshiba,

Ambokile