Mama Analipumzisha Jicho

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ninapoandika namsikia mama chumba cha pili akijifunga kitambaa, maana ni saa yake ya kulipumzisha jicho, na aliyemtwika kazi hiyo ni mimi.

Mama ni fundi cherehani, amenisomesha kwa sindano, na mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili alichelewa kwenda hospitali kwa sababu majirani walimwambia amngoje akomae, naye akawa anatania, "Wewe ulikomaa ukahama, huyu anakomaa ndiyo kwanza anahamia." Tulipofika, mtoto huyo alikuwa mgumu kama kokwa. Jicho la kulia wakalifanyia kwa mashine inayomsagasaga kwa mawimbi ya sauti na kumnyonya kupitia tundu dogo, na kwa ugumu ule ikasaga muda mrefu, bandeji ilipotoka mama akaona ukungu. Dawa hazikuuondoa. Daktari akaniita kando, kwa kuwa mimi ndiye msomi, akasema konea, kile kioo cha mbele cha jicho, imechoka, seli zinazokitoa maji zimekufa nyingi na hazioti tena, ukungu hautaondoka wenyewe.

Mama alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Kasemaje?"

"Kasema jicho limechoka."

Akacheka. "Lina haki. Limetunga uzi tangu hujazaliwa. Tulipumzishe."

Basi kila alasiri analifunga, kitambaa amekipinda kingo mwenyewe kwa kupapasa, wateja anawaambia jicho likiamka watapata nguo zao, na la kushoto, ambalo mtoto wake anazidi kuwa mgumu, hataki liguswe, "Siyachoshi yote mawili kwa mpigo." Jana alishona mkono wa gauni ndani nje, akauliza, "Umekaa sawa?" Nikasema umekaa, alipotoka nikaufumua. Nikisema ukweli nalivunja tumaini lake, nikinyamaza nalipofua jicho lililobaki. Nifanye nini?

Mtunga Uzi

*

Mtunga Uzi, pole, tena pole sana. Kumfumulia mama mshono wake kwa siri si kazi ndogo.

Lakini sasa nisikilize. Mimi mgeni umenieleza konea, seli na mawimbi bila kukosea hata neno, na mwenye jicho ukampa neno moja, tena bovu. Elimu hiyo kaishona yeye, mbona unamnyima kuivaa? Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi yasiyo yako. Jicho halikuchoka, mwanangu. Limeumia.

Mashine usiilaumu. Wengi inawafaa, mtoto akiwa bado laini. Akishakuwa mgumu inabidi isage kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo hutua kwenye konea. Ndiyo maana hilo neno "akomae" lifutwe nyumbani kwenu leo.

Mrudishe mama hospitali wiki hii kwa ajili ya jicho la kushoto. Kabla ya upasuaji mwombe daktari aipime konea aone seli zilizobaki, na umweleze yaliyolipata jicho la kulia. Muulize kama kwa mtoto mgumu hivi si afadhali kumtoa mzima kwa mkono, kupitia mkato mpana kidogo, pasipo kusaga, na konea ataikingaje. Njia yoyote ina hatari yake, lakini achague anayejua, na mama awe anasikia kila neno. Safari hii hakuna kuitwa kando. Kuhusu la kulia, ulizeni kama anaweza kupandikizwa konea, na msiahidiane kitu kabla ya jibu.

Kumwambia ni leo. Usiseme naye akiwa amelifunga jicho. Kifungue kitambaa kwa mikono yako, ukae kushoto kwake ambako bado anakuona kidogo, ndipo useme. Akilia, usimwambie litapona. Akikukasirikia, ni haki yake, kaa hapo hapo. Na kitambaa hicho kikunje ukiweke, kingo zake kazipinda vizuri kwa mtu asiyeona. Hilo pia mwambie, kwa kuwa ni kweli.