Kicheko Kilichonichagulia Waigizaji

Jumamosi jioni. Mvua ilianza saa nane na bado inanyesha. Nimekaa mezani na viatu vilivyolowa kwa sababu sina nguvu ya kuvivua.

Nina jambo la kuungama, na wa kumwungamia simwoni.

Baada ya wiki tatu tunatakiwa kuwa na jioni ya michezo mifupi ya kuchekesha. Michezo sita, waigizaji saba, katika ukumbi wa zamani karibu na nyumba za reli nilikozaliwa, hapa hapa Nakuru. Ni mara ya kwanza naandaa kitu kama hiki bila Nekesa. Kwa miaka kumi mimi na yeye tuliigiza mume na mke katika kila ukumbi uliokubali kutufungulia mlango, hadi watu wakawa wananipa pole sokoni kwa ajili ya mke ambaye sikuwa naye. Mwaka jana akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Simlaumu, ana watoto watatu wa kusomesha.

Lakini tangu aondoke, sijacheka.

Siandiki hivyo nionewe huruma. Naandika tu vile mtu angesema jino linamuuma. Naona kitu, najua kinachekesha, nangoja, na hakuna kinachotokea.

Kaka yangu wa Subukia anataka nikasimamie duka lake la mbegu na dawa za ng'ombe. Nimemwambia asubiri jioni yetu ipite kwanza. Watu wakicheka, nabaki na sanaa yangu. Wasipocheka, nafunga virago naenda, na sitapanda jukwaani tena.

Basi, Jumatano na Alhamisi tulikuwa na kazi ya kuchagua waigizaji. Walikuja kumi na mmoja. Nilikaa kiti cha mbele na daftari langu, wakapanda jukwaani mmoja mmoja, nami nikawatazama wote kwa uso ule ule. Wa kwanza alikuwa Kiptoo, kijana anayeosha malori kule Salgaa. Aliigiza mjomba aliyetumwa kwenda kuposa, akafika kwa watu, akala, akashiba, halafu akasahau jina la msichana. Sikujua kama ameweza au ameharibu. Kweli kabisa, sikujua. Nilishika kalamu nikabaki nikiangalia karatasi.

Ndipo Mama Shiro akacheka.

Mama Shiro huuza chai na chapati kwenye baraza ya ukumbi, nje tu ya dirisha la upande, na stovu yake ya pampu. Kicheko chake huanza na makofi mawili, kinapanda, kisha kinaishia na "woooi" ndefu. Nilipokisikia nilishusha pumzi, nikaandika "ndiyo" mbele ya jina la Kiptoo.

Nikaendelea hivyo hivyo. Mama Shiro akicheka, ndiyo. Akinyamaza, hapana. Siku mbili nzima. Nilijiambia kwamba huyu ndiye mtazamaji halisi, mama mwenye shughuli zake, asiye na haja ya kumpendeza mtu. Nilijiona mjanja hata. Alhamisi jioni niliweka majina saba kwenye grupu ya WhatsApp, na wale wanne waliobaki nikawaandikia pole.

Leo tulikuwa na mazoezi ya kwanza. Mvua ilipokuja hatukusikizana tena, kwa sababu ukumbi wetu hauna dari, ni mabati matupu. Niliwaacha wakijaribu kuendelea nikatoka kwenda kunywa chai. Pale barazani kelele zilikuwa maradufu, mabati juu na stovu chini. Kupitia dirishani nilimwona Kiptoo akirusha mikono, mdomo ukifunguka na kufungika, na hakuna hata neno moja lililotufikia. Akamaliza. Mama Shiro aligeuza chapati, akainua macho, akapiga makofi mawili, akacheka mpaka "woooi".

Nilimwinamia nikamuuliza ni nini kimemchekesha.

"Aki sijui, boss," akasema kwa sauti ya juu. "Si huyo kijana amemaliza na hakuna mtu amefanya kitu?"

"Na ile siku ya kwanza?"

"Hata hiyo. Kwani ningesikia aje na hii stovu inanguruma hapa? Wewe ulikuwa umekaa huko mbele kama mtu ako matanga. Watoto wa watu wanakuangalia, wanaumia. Nikasema wacha basi mtu acheke."

"Lakini si wote uliwachekea."

Akapaka chapati mafuta. "Wengine wateja walikuwa wamenijaa. Na si kuna wakati nilienda kununua maziwa?"

Alikuwa ameenda kununua maziwa.

Nimekumbuka ni nani aliyekuwa jukwaani wakati huo. Mwalimu Auma, mama aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote na sasa amestaafu. Alikuja na gauni lake la kanisani. Aliigiza mama aliyekwenda matanga kwa jirani kuchukua hotipoti yake aliyoazimisha, akaikuta ina chakula cha watu, akaanza kuwapakulia wageni wa jirani ili tu iishe arudi nayo nyumbani. Alipomaliza alisimama akingoja, mikono ameikunja mbele. Sikusikia kitu dirishani, hata stovu ilikuwa imezimwa. Nikaandika "hapana". Nilipomtumia pole, alijibu, "Asante kwa nafasi, mwanangu."

Nimeona aibu ambayo sijui niipeleke wapi. Miaka yote hii najiita mtu wa jukwaa, na mama wa chapati amenidanganya siku mbili mfululizo bila hata kuacha kazi yake. Kama kuna mtu aliyeigiza vizuri wiki hii, ni yeye.

Lakini si hilo linalonimaliza. Linalonimaliza limenijia nikirudi nyumbani na mvua.

Nekesa alikuwa na tabia moja. Nikitupa neno na ukumbi ukakaa kimya, alikuwa anageuka upande, mabega yakimtetemeka, anaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa kama mtu aliyeshindwa kujizuia. Watu wakimwona vile, nao wanaanza. Kila mara nilidhani nimemshinda. Baada ya onyesho nilikuwa namtania, nikimwambia leo tena umeshindwa, naye anasema, "Aki wewe utaniua." Nililala vizuri kwa maneno hayo miaka kumi.

Alikuwa akicheka kweli? Au alikuwa akiniona nimesimama pale, nangoja?

Kesho baada ya kanisa nitakwenda kwa Mwalimu Auma kwa miguu yangu, si kwa simu. Nitamwambia ukweli, hata lile la maziwa. Wale saba siwaondoi, hawajanikosea chochote, lakini mchezo wa saba unaweza kupatikana akikubali. Nisipocheka tena mbele yake nitamwambia kwamba ugonjwa ni wangu. Kaka naye amepiga mara mbili leo na sijapokea.

Nimeshika simu sasa hivi. Nimemwandikia Nekesa lile swali lote, nikalisoma, nikalifuta.

Namjua. Angenijibu kwa ujumbe wa sauti, na angeanza kwa kucheka.